Kufuli Baada ya Mali

Jamani, hebu tuulizane. Serikali ya Kenya ilianza kuchukua alama zetu za vidole kwa Huduma Namba Aprili 2019. Sheria ya Ulinzi wa Data ikaja Novemba, mali imeshaingia ghalani. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema kadi zile zilitolewa kinyume cha sheria, kwani hakuna aliyepima kwanza hatari kwa faragha yetu. Sisi watengenezaji programu hupima hayo kabla ya kuandika hata mstari mmoja! Na hadi leo (hili ndilo linalonikera zaidi) mlangoni pa ofisi za umma mlinzi anakusukumia daftari: jina, nambari ya kitambulisho, simu. Kila mgeni anasoma ya mwenzake. Kabla ya kutuhubiria kuhusu nywila, waondoe daftari hilo.