Maoni hukusanywa kabla ya ramani kuchorwa

Kijiji au mtaa unapotaka kujenga kituo cha jamii, viongozi hutangaza kwamba watakusanya maoni ya wakazi. Ni jambo zuri. Hapa Afrika Kusini ni jambo la kisheria pia, kwani sheria ya mifumo ya manispaa ya mwaka 2000 inazitaka halmashauri ziwashirikishe wananchi katika mipango yao. Tanzania nako, sheria ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuhudhuria. Sheria basi zipo. Kinachokosewa mara nyingi ni swali lenyewe, na wakati linapoulizwa.

Tutazame Kliptown, Soweto, kusini magharibi mwa Johannesburg. Kabla ya tarehe 25 na 26 Juni 1955, watu wa kujitolea walizunguka sehemu mbalimbali za nchi wakiwauliza wananchi wa kawaida wanataka nchi ya namna gani. Majibu mengi yaliandikwa kwenye vipande vya karatasi. Kisha wajumbe karibu 3,000 wakakutana katika kiwanja cha wazi Kliptown na kuipitisha Hati ya Uhuru, huku polisi wakiwa wamewazingira siku ya pili. Swali lilitangulia, maandishi yakafuata.

Miaka 50 baadaye, Juni 2005, mahali hapo palizinduliwa upya kwa jina la Uwanja wa Walter Sisulu, mbele ya Rais Thabo Mbeki. Pamejengwa nguzo 10 za vipengele 10 vya Hati, makumbusho, ukumbi na maduka, na hoteli ikafuata. Lakini ng'ambo ya reli, hatua chache tu, familia ziliendelea kuishi katika vibanda vya mabati, maji ni ya bomba la pamoja na vyoo ni vya muda. Hatusemi kwamba hakuna mikutano iliyofanyika. Tunasema kwamba mtu asiye na choo akiulizwa kama anapenda ukumbi atajibu ndiyo, maana nani anakataa ukumbi? Angeulizwa kipi kianze, jibu lingekuwa jingine, na Hati yenyewe ina kipengele kizima kuhusu makazi.

Katika miaka ya karibuni majengo hayo yaliporwa na kuharibiwa vibaya, na maadhimisho ya miaka 70 mwaka 2025 yaliyakuta katika hali ya kusikitisha.

Huko New Brighton, katika jiji lililoitwa Port Elizabeth na sasa ni Gqeberha, makumbusho ya Red Location yalifunguliwa mwaka 2006 na kupata tuzo ya usanifu nje ya nchi. Oktoba 2013 wakazi waliyafunga wenyewe, wakilalamikia nyumba zao zilizojengwa vibaya. Yalikaa yamefungwa kwa zaidi ya miaka 10.

Kwa hiyo wale wanaopanga vituo vya jamii huko nyumbani Afrika Mashariki wasije mkutanoni na ramani iliyokwisha pigwa mhuri. Mwenyekiti akiuliza "tunakubaliana?" na watu wakapiga makofi, hayo ni makofi tu. Waulizwe: fedha hizi zikijenga ukumbi, ni kisima kipi au darasa lipi litakalosubiri? Nani atashika ufunguo? Bili ya umeme italipwa na nani baada ya mfadhili kuondoka? Vijana wataruhusiwa kuingia jioni, au ni ukumbi wa harusi za wenye uwezo? Na mkutano uitwe saa ambayo akina mama hawako shambani wala kisimani, la sivyo watakaojibu ni wazee wa barazani peke yao.

Muhtasari uandikwe, ubandikwe kwenye ofisi ya kijiji na usomwe katika mkutano unaofuata, pamoja na maoni yaliyokataliwa na sababu za kukataliwa kwake.