Damu ni ya mama zetu, somo ni la Kizungu!

Leo nina la kusema, na mwenye kubisha abishe.

Huku Uingereza ninakofanya kazi ya uuguzi, wenzangu wa wodi ya wazazi wanasoma kwa masikio. Mtu yuko kwenye basi, anasikiliza podikasti ya uzazi na magonjwa ya wanawake. Marekani nako kuna CREOGs Over Coffee, ya tangu 2018, inayowalenga madaktari wanaosomea ubingwa huo. Safi kabisa, siwaonei wivu. Kinachoniudhi ni hiki hapa.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham. Ulifanyika wapi? Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Mama akijifungua anawekewa mfuko wa plastiki wenye vipimo, damu inapimwa badala ya kukisiwa kwa macho. Ikizidi, hatua zote zinachukuliwa kwa mkupuo: kukanda mji wa mimba, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, na kutafuta damu inatokea wapi. Kuvuja lita 1 au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu hiyo, au kufa: hayo kwa ujumla yalipungua kwa 60%.

Podikasti zote nilizosikia zikichambua habari hii ni za Kiingereza, bingwa akimweleza bingwa. Na mkunga wa kituo cha afya, aliye peke yake saa nane za usiku? Si ndiye mwenye mikono kwenye damu?

Mtaniambia Kiswahili hakina istilahi. Acheni hizo! Damu ikimwagika, mkunga anapiga kelele "leteni dripu!", na kila mtu anaelewa.

Mtaniambia sikio halishoni mtu. Kweli. Hata huku, katika saa 35 za kujiendeleza tunazodaiwa kila miaka 3, 20 lazima ziwe za kujifunza pamoja na wengine. Basi wasikilize dakika 10, halafu wafanye mazoezi wodini kwa mfuko wenye maji ya rangi.

Madaktari bingwa na wakunga wakuu wa nyumbani, simu za kurekodia mnazo, WhatsApp mnayo. Elimu iliyopatikana kwa mama zetu irudi kwao, kwa lugha ya wanaowazalisha.

Naomba kutoa hoja.