Saa ya Kompyuta ni Shahidi wa Kuhojiwa

Huko Gehandu, katika eneo la wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, jua linapofika utosini saa ya ukutani huwa imekwisha kupita saa sita mchana kwa wastani wa dakika 38 hivi. Saa hiyo haikukosea. Saa za Afrika Mashariki hukadiriwa kwa longitudo ya digrii 45 Mashariki, mstari ambao kwa upande wa Tanzania hupita mbali baharini. Na kila digrii moja ya kuelekea magharibi hulichelewesha jua kwa dakika 4. Zaidi ya hayo, mshale wa saa huonyesha 12 pale Mswahili anaposema saa sita. Tofauti hizi hazimdhuru mtu, kwa kuwa zinajulikana na sababu zake zinaeleweka. Yenye madhara ni tofauti isiyotarajiwa, nayo hupatikana ndani ya kompyuta.

Wanafunzi wengi huamini kwamba kompyuta haikosei. Imani hiyo ina ukweli katika kujumlisha na kutoa, lakini si katika kutaja wakati. Kompyuta inapozimwa, saa yake ya ndani huendeshwa na betri ndogo yenye umbo la kifungo. Betri hiyo ikifa, mashine inaweza kuwaka ikidai kuwa ni Januari 1970, au 1980, au mwaka mwingine kadiri ya utengenezaji wake. Mashine moja ikiwekewa Windows na Linux kwa pamoja, Windows kwa kawaida huisoma saa ya ndani kama saa ya mahali ilipo, na Linux huisoma kama saa ya ulimwengu inayofuata Greenwich. Nchini Tanzania hitilafu hiyo huwa ya saa 3 kamili. Tena, mashine inapojisahihisha kwa njia ya intaneti, wakati waweza kurudi nyuma ghafla.

Ichukuliwe programu inayolinda jokofu la chanjo katika zahanati ya kijijini. Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na programu hutakiwa kueleza zimekaa muda gani nje ya mipaka hiyo. Njia inayowajia wengi kwanza ni kutoa saa ya mwanzo katika saa ya mwisho. Saa ikirudishwa nyuma katikati ya kazi, jibu huweza kuwa hasi. Mwandishi wa programu asiyelitarajia jibu hilo huligeuza kuwa sifuri ili mambo yaendelee; na sifuri humwambia muuguzi kwamba chanjo ni salama, ilhali huenda zimeharibika.

Hatari hii haiwahusu wanaoanza tu. Tarehe 1 Januari 2017, saa tisa usiku kwa Afrika Mashariki, sekunde moja iliongezwa katika saa ya ulimwengu ili ilingane na mzunguko wa dunia. Katika kampuni ya Cloudflare ya Marekani, programu iliyodhani kwamba wakati haurudi nyuma ilipata muda hasi, na baadhi ya mashine zake zikashindwa kujibu maombi. Mwaka huohuo lugha ya programu ya Go, iliyotumika kuiandika, ilirekebishwa ili ipime muda kwa saa isiyorudi nyuma.

Yupo atakayesema kwamba dawa ni kununua betri mpya. Betri inunuliwe, lakini programu inayokusudiwa kutumika katika mashine za kila aina haiwezi kuchagua mashine itakayoikuta. Lugha ya Kiswahili yenyewe hutenganisha wakati na muda, na programu haina budi kufanya hivyo. Muda upimwe kwa kihesabio kinachosonga mbele tu, ambacho mifumo mikuu ya kompyuta inacho. Wakati uhifadhiwe kwa saa ya ulimwengu, na ugeuzwe kuwa saa ya mahali pale tu unapoonyeshwa kwa mtu. Kwa kuwa kihesabio hicho huanza upya mashine inapowashwa, na katika baadhi ya mifumo husimama mashine inapolala, kila kumbukumbu ipewe namba ya mfuatano. Usomaji ulio nyuma ya uliotangulia usifutwe wala kugeuzwa sifuri. Uandikwe kuwa una shaka, ili mtu auchunguze.

Tanzania haina desturi ya kusogeza saa mbele na nyuma kwa majira, kama zifanyavyo nchi nyingi za Ulaya. Hiyo ni nafuu kwa wananchi, lakini humnyima mwanafunzi nafasi ya kuona saa ikiruka, naye huandika programu kana kwamba jambo hilo haliwezekani. Mwalimu anaweza kuliziba pengo hilo kwa zoezi la dakika chache. Wanafunzi waandike programu ya kupima muda kwa saa ya kawaida. Ikiwa kazini, saa ya kompyuta irudishwe nyuma kwa saa moja, kisha jibu lisomwe mbele ya darasa. Baada ya hapo programu iandikwe upya kwa kihesabio kisichorudi nyuma, na majibu mawili yalinganishwe.