Mlango wa Kuazima

Wako watu watuambiao kwamba mwenye tovuti aliyepotewa na wageni wake hana budi kusubiri. Asubiri mtambo wa kutafutia habari umwonee huruma. Abadili vichwa vya makala, aongeze maneno hapa, apunguze kule, kisha akae kizingitini kama mwombaji asikilizaye sauti ya ufunguo. Ushauri huu husemwa kwa upole, lakini ni ushauri mbaya, na vijana wengi watafutao riziki kwa kalamu na kompyuta huumeza bila kuutafuna. Mimi nasema aliyepotewa na wageni hao na afungue duka. Tena duka dogo, la bidhaa za namna moja.

Kwanza na tuujue mtambo wenyewe. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, walieleza katika makala yao jinsi ya kupanga kurasa kwa kupima viungo vielekeavyo kwa kila ukurasa. Katika makala hiyohiyo walionya kwamba mtambo ulishwao na matangazo utaelekea kuwapendelea wenye matangazo kuliko watafutaji. Walioonya ndio walioanzisha Google, na Google ikaja kuishi kwa matangazo! Badiliko la kanuni zake la Februari 2011 liliwashusha wengi waliojaza kurasa tupu, na hapo sina lalamiko. Lakini mabadiliko ya Septemba 2023 na Machi 2024 yaliangusha pia tovuti nyingi ndogo za watu walioandika mambo wayajuayo kwa mikono yao. Mei 2024 mtambo ukaanza, huko Marekani, kutoa jibu lake wenyewe juu ya orodha, hata msomaji asione haja ya kumwendea aliyeandika. Agosti mwaka huo jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilivunja sheria katika kuulinda ukiritimba wake wa utafutaji. Hukumu ni jambo jema. Lakini haimlipii mwandishi wa Machakos kodi ya nyumba.

Tuseme mwandishi huyo alikuwa akifundisha matengenezo ya cherehani. Alieleza kwa nini uzi hukatika, kwa nini mshono huruka, na jinsi ya kubadili mkanda wa ngozi wa cherehani ya miguu. Maelfu walimsoma, na kila mmoja alimwachia senti chache za tangazo. Siku moja maelfu yale yakawa mamia. Je, amepoteza nini? Amepoteza njia, elimu yake hakuipoteza. Bado anajua kwamba bobini, yaani kile kigurudumu kidogo kibebacho uzi wa chini, ina aina nyingi; kwamba ya aina ya 15 na ya aina ya 66 hufanana machoni, lakini moja ina pande bapa na nyingine pande zilizobinuka, na haifai moja kukaa mahali pa mwenzake. Anajua kwamba sindano ya namba 90 haifai kwa kila kitambaa. Fundi aliyenunua bobini isiyo yake amepoteza fedha, na siku ya kazi juu yake. Elimu hiyo ndiyo mtaji wa duka.

Hesabu yake si ya kutia kiburi. Wateja 40 kwa mwezi, kila mmoja akiacha faida ya shilingi 150, huleta shilingi 6,000. Si utajiri, na amwahidiye kijana utajiri katika jambo hili anamdanganya. Lakini hao 40 wana majina na namba za simu. Sindano huvunjika, mkanda hulegea, nao hurudi bila kuulizia njia kwa mtu yeyote.

Hapo mpinzani wangu husimama na kusema kwamba duka nalo litatafutwa kwa mtambo uleule. Ndiyo, likikaa kimya likingoja. Lakini mafundi huambiana. Vyuo vya ufundi vina walimu wa ushonaji wanaoweza kuandikiwa barua. Malipo ya M-Pesa yapo tangu 2007, na kifurushi cha sindano husafiri kwa basi hadi Kisumu bila kumwomba ruhusa mpanga orodha wa ng'ambo. Husema tena kwamba maduka makubwa ya mtandaoni huuza sindano pia. Huuza, naam, pamoja na viatu na sufuria. Lakini mwulize muuzaji wao ni bobini ipi iifaayo cherehani ya bibi yako, kisha uhesabu siku utakazongoja jibu.

Taabu za duka ni nyingine, nazo ni nyingi: kifurushi kilichopotea, mteja aliyepima vibaya, bidhaa iliyolala rafuni mwaka mzima huku fedha yako imelala nayo. Kwa hiyo asinunue shehena. Aanze na sindano za namba tatu au nne na bobini za aina mbili, ajibu kila simu mwenyewe, na aandike katika daftari kila kitu alichoulizwa akakikosa. Daftari hilo litamwambia anunue nini mwezi ujao. Zile kurasa zake za mafundisho asizifute. Mteja akipokea bobini yake, apelekewe pamoja nayo ukurasa umwonyeshao jinsi ya kuitia.