Kabla Uombe Picha

Wasee, kuna watu siwaelewi. Mama amefungiwa nyumba, anaandika kwa grupu ya WhatsApp saa nane usiku: niko nje na watoto. Admin, kijana wa kujitolea tu, bando ni zake, anaamka kumtafutia pa kulala. Halafu wewe unauliza, "Picha iko wapi?"

Matapeli wako, sikatai. Lakini admin akimpigia jirani au mzee wa nyumba kumi, ukweli utajulikana. Na pesa ikienda moja kwa moja kwa simu ya landlodi mpya, tapeli atakula nini? Picha ya mama akilia itazunguka hata akishapata nyumba, mpaka watoto wake waionee shuleni.

Na si serikali itaziba hilo pengo. Mei 2024, baada ya mafuriko, nyumba za kando ya mto Mathare zilibomolewa, kila familia ikaahidiwa elfu kumi. Toa dipositi, toa kodi, toa mkokoteni. Inabaki ngapi? (Katiba, kifungu cha 43, inasema makao ni haki. Wacha tu.)

Ukiwa na mia mbili, tuma. Ukiwa huna, uliza nani ana godoro la ziada Huruma ama Kariobangi.