Mashabiki, kura na daftari: nani achaguliwe, nani apewe zawadi?

Mwezi huu tunaongea juu ya vikundi vya mashabiki wa mpira.

Msimu ukiisha, vikundi vyetu hapa kambini vina kazi mbili: kuchagua kamati mpya na kumpa zawadi shabiki bora wa mwaka. Ni mambo ya furaha. Lakini tusidanganyane, ni hapo hapo watu wanapogombana mpaka salamu inakatika. Wengine wanasema, "Aa, ni mpira tu, mambo ya watoto." Hapana. Kikundi kinakusanya mchango kila wiki. Kinalipa kibanda umiza, kinanunua mafuta ya jenereta, na mwanachama akifiwa kinapeleka sanda na sukari ya matanga. Kwa hiyo anayeshika daftari la kikundi ameshika jasho la familia nyingi, watu ambao posho yenyewe haiwatoshi.

Mama mmoja alituambia hivi: "Makuta yangu munapokea, lakini sauti yangu munakatala?" Yeye anachanga kila wiki, lakini siku ya kura aliambiwa mkutano ni wa wanaume. Na kijana mmoja alituchekesha: "Shabiki bora si tunamjua tangu mwezi wa kwanza? Ni yule anayemnunulia mwenyekiti soda." Tulicheka, lakini maneno yao si ya kuchekwa tu.

Shabiki bora ni nani?

Tuangalie wenzetu. Tangu mwaka 2016 FIFA inatoa zawadi kwa mashabiki katika sherehe yake ya kila mwaka, na mashabiki wenyewe ndio wanaopiga kura. Je, wanamchagua mwenye kelele nyingi? Mwaka 2019 alishinda mama wa Brazil, Silvia Grecco, shabiki wa Palmeiras. Mtoto wake haoni. Mama huyo anakaa naye uwanjani na kumsimulia mchezo wote: nani ana mpira, nani ameanguka, goli limeingiaje. Mwaka 2020 alishinda Mbrazil mwingine, Marivaldo Francisco da Silva, aliyekuwa akitembea kwa miguu kilomita 60 kwenda kuiona timu yake ya Sport Recife. Mwaka 2021 zawadi ilikwenda kwa mashabiki wa Denmark na Finland. Mchezaji Christian Eriksen alianguka uwanjani moyo ukasimama, na mashabiki wa pande zote mbili wakaitikiana kuita jina lake. Wapinzani, sauti moja.

Mumeona? Hakuna hata mmoja aliyeshinda kwa sababu ya fedha. Basi na sisi tujiulize. Yule anayembeba jirani asiyeweza kutembea mpaka kwenye kibanda, tumewahi kumtaja? Yule anayefagia viti watu wote wakishaondoka? Mama anayepika chai siku ya fainali na haoni hata dakika moja ya mchezo?

Klabu ni ya nani?

Kwa upande wa uongozi pia kuna la kujifunza. Barcelona, ambayo vijana wetu wanavaa jezi yake kila siku, si mali ya tajiri mmoja. Ni ya wanachama wake, na wao ndio wanaomchagua rais kwa kura. Ujerumani iliweka kanuni mwaka 1998 kwamba chama cha wanachama kibaki na zaidi ya nusu ya kura katika klabu, isipokuwa klabu chache zilizoruhusiwa. Hapa Afrika Mashariki, Yanga iliyoanza 1935 na Simba iliyoanza 1936 zilikua kwa ada na kadi za wanachama, na mkutano mkuu wao una moto kuliko mechi nyingine.

Lakini habari inayotugusa sisi zaidi ni ya Wimbledon, London. Mwaka 2002 wenye klabu waliruhusiwa kuihamishia mji mwingine, Milton Keynes, mbali na watu wake. Mashabiki wakabaki bila timu. Wakaanzisha yao mwaka huo huo, AFC Wimbledon, wakiwatafuta wachezaji kwa majaribio kwenye uwanja wa wazi. Walianzia daraja la tisa. Mwaka 2011 walikuwa wamepanda mpaka ligi kubwa za kulipwa, daraja la nne. Mwaka 2020 walirudi mtaa wao wa zamani, Plough Lane, baada ya miaka 29. Chama cha mashabiki ndicho chenye kauli ya mwisho, na kila mwanachama ana kura moja, awe ametoa kidogo au kingi. Sisi tuliolala usiku mmoja nyumbani na wa pili njiani tunaelewa vizuri maana ya kuanza upya.

Tufanyeje hapa kwetu?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tunashauri haya:

1. Majina ya wanachama yaandikwe na kusomwa mbele ya watu kabla ya kura. Aliyechanga, awe mama au baba, apige kura.

2. Mweka hazina asome hesabu kwanza, kura baadaye. Kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka, kimebaki nini. Usimrudishe mtu kwenye kiti kabla hujasikia hesabu yake.

3. Sifa za shabiki bora zitajwe mapema, msimu ukianza. Anayegombea zawadi asiwe katika wanaohesabu.

4. Kura ziwe za siri. Hata kipande cha karatasi na kopo la mafuta tupu vinatosha. Zihesabiwe hapo hapo, watu wakiona.

5. Muda wa kamati uandikwe. Mwenyekiti asiyejua siku ya kutoka anaanza kukiita kikundi "changu".

Na jambo moja zito zaidi. Tusipige kura kwa kabila, kwa lugha, wala kwa kijiji tulikotoka. Mgombea akishindwa, asiondoke na redio ya kikundi na watu wa kwao wakaanzishe kingine. Tunajua wote mgawanyiko wa namna hiyo ulitufikisha wapi. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliyeshindwa leo ampe mkono aliyeshinda, aendelee kuchanga, na msimu ujao agombee tena. Watoto wetu wanatutazama kwenye kibanda kuliko wanavyotusikiliza nyumbani, na wengine wao hawajawahi kuona uchaguzi mwingine wowote.

Basi baba, safari hii nenda mkutanoni pamoja na mama. Ukirudi, waeleze watoto kura zilivyohesabiwa. Na wewe mama, siku ya hesabu kaa mbele, na uulize.

Tuonane mwezi ujao, tukijaliwa.