Mwalimu, Hiki Kinatumika Wapi?

Naomba niseme jambo litakalowaudhi baadhi ya wenzangu tunaosomea ualimu wa fizikia: wengi wetu tutahitimu bila kuweza kumwonyesha mwanafunzi, kwa kidole, mahali hata pamoja ambapo tulichomfundisha kinafanya kazi. Nalijua hilo kwa sababu mimi ni mmoja wao, na kilichoniumbua ni gari la mjomba wangu.

Mjomba anaendesha teksi. Ni gari dogo la Kijapani, la zamani, lile ambalo waya wa mafuta unatoka kwenye pedeli moja kwa moja hadi kwenye injini. Bumu likichelewa, gari hilo ndilo linalonilisha, kwa hiyo lilipoanza kusumbua sikuwa mtazamaji tu. Likisimama kwenye mataa, injini inapanda na kushuka yenyewe kama mtu anayehema, halafu inazima. Abiria wakaanza kushuka njiani bila kulipa. Mjomba akalipeleka gereji aliyoizoea. Wakabadilisha plagi, kisha waya za plagi, kisha wakachomeka mashine, wakafuta taa ya injini, wakapokea hela yao. Baada ya siku mbili taa ikarudi. Wakaifuta tena. Safari ya tatu wakasema sensa ya throto imekufa, anunue mpya.

Hapo hela ilikuwa imeisha. Nikamwambia, "Mjomba, tujaribu kwa yule kijana wa karibu na hosteli yetu." Kijana mwenyewe hana hata banda, anafanyia kazi chini ya mwarobaini. Alitoa kifaa kidogo kama kiberiti, akakichomeka chini ya usukani, akafungua programu kwenye simu yake, akafungua swichi bila kuwasha injini. "Mzee, usikanyage kitu kwanza." Simu ikaandika asilimia 17.

"Mguu haujagusa pedeli na inasoma kumi na saba," akasema. "Inatakiwa kumi. Kuna mtu ameizungusha hii."

Kwa wasioijua, sensa hiyo inakaa ubavuni mwa throto, kwenye mhimili wa kile kipepeo kinachofungua na kufunga njia ya hewa ya injini. Ndani yake kuna utepe wenye ukinzani na kidole cha chuma kinachoteleza juu ya utepe huo. Ncha moja ya utepe inapewa volti 5 na kompyuta ya injini, ncha ya pili imeungwa kwenye hasi, na waya wa tatu unapeleka volti za pale kidole kilipo. Ukikanyaga mafuta kipepeo kinazunguka, kidole kinateleza, volti zinapanda kutoka kama 0.5 hadi kama 4.5. Kompyuta haina macho. Inaujua mguu wa dereva kwa volti hizo tu. Ikipokea namba kubwa wakati mguu umetoka, inadhani bado umekanyaga kidogo, na haishiki kazi yake ya kuituliza injini.

Wanafizikia mmeshaitambua. Ni potenshomita, ile ile ya sekondari.

Nikapiga hesabu kichwani: kama asilimia 100 ni volti 5, basi 17 ni volti 0.85. Nikamwambia. Akatoa multimita, akagusa waya wa katikati: 0.85. Akanitazama kama nimefanya mazingaombwe. Nilijisikia msomi kwa sekunde kama tatu hivi, kisha nikakumbuka BTP.

Mwaka jana kwenye BTP nilipangiwa shule isiyo na maabara ya maana. Nilifundisha potenshomita kwa chaki: mstatili, mshale, herufi V. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiki kinatumika wapi?" Nikamjibu, "Kwenye redio, pale pa kuongezea sauti," nikaendelea na mfano wa pili ubaoni. Sikusema uongo. Lakini nje ya dirisha la darasa lile, mita chache tu, lilikuwa limeegeshwa gari la mwalimu wa taaluma, na sikujua kwamba jibu lake lilikuwa mle ndani. Tena sikujali kujua. Nilikuwa nawaza mkaguzi wangu atafika saa ngapi.

Turudi chini ya mwarobaini, maana hapo kuna wanaonikosoa. Rafiki yangu wa uhandisi anasema hizi programu za simu zimewaharibu mafundi: zamani fundi alisikiliza injini, siku hizi anasoma kioo na kuuza sensa. Nakubali nusu. Ile gereji ya kwanza ilikuwa na mashine kubwa kuliko ya kijana wetu, na ndiyo iliyotaka kumuuzia Mjomba sensa mpya. Walisoma jina la kosa wakaishia hapo. Jina la kosa linakwambia mkondo upi una namba zisizoeleweka. Halikwambii kama ni sensa, waya, plagi yake iliyooza, au mkono wa mtu. Lakini fundi wa sikio naye simtetei. Kwa maoni yangu ndiye aliyeizungusha sensa ile, akitafuta mlio mzuri, bila kupima alikoitoa wala alikoipeleka.

Kijana wetu hakugusa bisibisi mpaka amalize kusoma. Kwanza alisafisha masizi ya throto, maana kipepeo kisipofunga mpaka mwisho namba yoyote ni ya uongo. Akahakikisha waya wa mafuta una ulegevu kidogo. Akamwambia Mjomba akanyage polepole sana mpaka chini, akieleza kwamba kifaa chake ni cha bei poa, kinachelewa kusoma, ukikanyaga haraka kinaruka pale utepe ulipolika. Namba ikapanda taratibu, 17 hadi 97, bila kuruka hata mara moja. "Sensa nzima hii," akasema, na Mjomba akashusha pumzi.

Ndipo akalegeza skrubu mbili na kuizungusha kidogo, chini ya upana wa ukucha. 14. 11. 10. Akakaza, ikarudi 12, maana kukaza nako kunaisogeza. Akalegeza tena, safari hii akailenga chini kidogo, akakaza, 10. Pedeli chini: 90. Programu yenyewe haikurekebisha chochote. Kwenye magari mapya yasiyo na waya wa mafuta mambo ni tofauti, pale sensa haizungushwi na programu ndiyo inayoiamuru kompyuta ijifunze upya mahali kipepeo kinapofungia. Kwa hili la Mjomba kazi ilikuwa ya vidole, simu ikionyesha vidole vimefika wapi.

Nilipomuuliza kwa nini kumi na siyo tano, alisema ndivyo kitabu cha gari kinavyotaka na ndivyo alivyofundishwa. Nikamchorea mchoro wangu wa BTP mavumbini. Nikamweleza kwamba wakiacha nafasi chini na juu, kompyuta inaweza kutofautisha mguu uliotoka na waya uliokatika, kwa sababu waya uliokatika hauwezi kusoma nusu volti. Akakaa kimya, kisha akaniomba niurudie mchoro ili aupige picha. Nami sikuwahi kuishika potenshomita ya namna hiyo mkononi mpaka siku ile, nikiwa nimebakiza mwaka mmoja nipewe digrii.

Kwa hiyo serikali yetu ya wanafunzi, ambayo kila mwaka inapanga safari ya mbugani, nailetea ombi dogo. Kabla ya BTP ijayo, tupeni Jumamosi moja gereji. Haihitaji basi wala posho. Mafundi wako ng'ambo ya barabara. Na sensa chakavu wanazitupa kwenye ndoo, kila moja ikiwa ni somo zima la vipindi viwili: betri tatu za redio, multimita moja, na mwanafunzi anayeizungusha mwenyewe akiona volti zinapanda.

Mimi ninayo moja tayari. Kijana alikataa hela, akataka soda. Iko kwenye begi langu, na nimepangiwa mkoa ule ule wa mwaka jana. Yule binti sasa atakuwa kidato cha nne, kama bado yupo.